Iache Ilie

“Ami, wallahi simu hii huigusi tena!” nilimwambia bosi, kiganja nimekikandamiza juu ya mkono wa simu.

Fundi alikuwa Nairobi, akitaka kuingia ndani ya kompyuta yetu hapa Changamwe kupitia laini hii hii moja. Kijisanduku cha modemu, kinachounganisha kompyuta na simu, ndicho kilichopaswa kupokea na kujibu kwa ukelele wake. Mara mbili bosi alikiwahi, akaiamkia mashine: “Salaam aleikum, nani mwenzangu?” Mara mbili laini ikakatika.

“Mtu apige asipokewe? Ndiyo adabu hiyo, Kulthum?”

Simu ikalia. Kengele ikanitetemesha kiganja hadi kiwiko. Sikukiondoa.

Modemu ikapokea. Nikashusha pumzi.

Kwenye kispika chake ikatoka sauti ya mamangu, inalia. “Kulthum? Mwanangu, babako—”

Modemu ikampigia ukelele.