Chuma Kilisikia

Asubuhi ya kura za mchujo, Lasisi Ajibulu alikataa kijiko. Alikisukuma kwa kiwiko mpaka kikaanguka chini ya meza, akainua bakuli la uji kwa mikono miwili na kunywa kama mtoto.

"Alhaji, kijiko kimekuuma?" aliuliza Mama Ranti, kiongozi wa akina mama wa chama. Chumba cha chakula kikaangua kicheko.

Wajumbe mia moja themanini na sita walikuwa wamefungiwa katika hoteli ile siku tatu, simu zao zimekusanywa guniani, ili wapinzani wasije wakawanunua. Hakuna aliyelalamika; ndivyo gavana anavyopatikana. Lakini alfajiri hiyo iliingia habari nyingine. Chifu Fagbamila, mgombea wao, amejitoa. Wakubwa wa chama huko Abuja wamemtaka ampishe Mwanasheria Adetona, aliyekuwa meneja wake wa kampeni hadi jana. Kura zote kwa Adetona.

Wenzake waliipokea habari kama mtu anayebadilisha shati. Lasisi hakugusa tena kitu cha chuma.

Wiki tatu kabla, Adetona huyo huyo ndiye aliyewaongoza wajumbe wote mpaka kwenye kichaka cha Ogun, mungu wa chuma. Kuhani mzee aliwanyooshea panga. Kila mmoja, Adetona akiwa wa kwanza, aliligusa kwa ulimi, akatamka: "Nisipompigia Chifu Fagbamila, chuma kinile kabla ya siku ya nane." Lasisi ni mtu wa swala tano. Mama Ranti ni mwimbaji wa kwaya. Hakuna aliyekataa. Mungu wa msikitini na wa kanisani ana subira, mtu anaweza kutubu. Chuma hakina sikio la toba.

Lasisi alilijua hilo kuliko wote. Miaka minne iliyopita kaka yake, Rafiu, aliapa vivyo hivyo, kisha akampigia mwingine. Siku ya saba alikuwa ameinama kando ya barabara akifunga kamba ya kiatu. Lori likakatika breki. Lasisi aliitwa kuutambua mwili, akautambua kwa kiatu. Tangu hapo, akiwa peke yake karakanani akichomelea mageti, husikia nyuma yake mtu akivuta kamba ya kiatu, taratibu, akiikaza. Akigeuka, hakuna mtu. Asubuhi hii alikwisha kumsikia mara tatu.

"Twendeni kwa kuhani atufungue," alisema.

"Kuhani yupi, Alhaji? Si amezikwa wiki iliyopita! Mwenye ufunguo kaondoka nao."

"Basi tumekwisha."

"Umekwisha wewe!" Mama Ranti alijipiga paja. "Aliyejitoa hadai kiapo. Ukichumbia mwanamke, naye akakimbia siku ya harusi, utaoa nini? Kitanda?"

"Karne hii, Alhaji!" Mwalimu Bamgboye alidakia, mdomo umejaa maandazi ya kunde. "Chuma ni chuma tu. Mbona basi la kutupeleka ukumbini utalipanda?"

Alipanda, ila hakuketi. Alisimama katikati, mikono kifuani, hakushika kitu, akipepesuka kila kona huku wenzake wakimwimbia wimbo wa mlevi.

Ukumbini Chifu Fagbamila aliuinua mkono wa Adetona juu, akatabasamu kwa meno bila macho. Mwenyekiti wa kamati kutoka Abuja akatoa maelezo. Mgombea ni mmoja, lakini kamera zipo, kwa hiyo kila mjumbe ataandika jina kwa mkono wake. Jina lolote lisilo la Adetona, kura imeharibika.

"Na atakayeiharibu," aliongeza, "tutamjua. Chama hakitamfahamu tena."

Adetona, mjumbe wa mia moja themanini na saba, ndiye aliyetangulia. Aliandika, akakunja, akatumbukiza, akawapungia wapiga picha. Mwalimu akafuata. Mama Ranti alikwenda akicheza, nyonga kulia, nyonga kushoto, akarudi akishangiliwa.

Zamu ya Lasisi ilipofika, alisimama mbele ya karatasi na kalamu. Ncha ya kalamu ilikuwa ya chuma. Nyuma ya sikio lake kamba ya kiatu ilivutwa, ikakazwa.

"Kaka," alinong'ona, "nasikia."

Aliandika: Fagbamila. Aliikunja karatasi mara tatu mpaka ikawa ndogo kama kidonge, akaitumbukiza. Chama kimfukuze. Kufukuzwa si kufa.

Mwenyekiti alichukua karatasi ya kwanza. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Fagbamila. Imeharibika."

"Mpumbavu gani huyo?" Mama Ranti alipaza sauti kuliko wote. Lasisi alijikunyata kwenye kiti. Katika karatasi zote, yake ndiyo ya kwanza!

"Fagbamila. Imeharibika."

Lasisi aliinua kichwa. Karatasi ile ilikuwa imekunjwa mara moja tu. Na hata ile ya kwanza, sasa alipoikumbuka, haikuwa ndogo kama kidonge.

"Fagbamila."

Ilipofika ya hamsini hakuna aliyecheka. Mwalimu Bamgboye alikuwa akisoma dari. Mama Ranti alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Mwenyekiti aliacha kutaja jina. Alizifungua tu, akaziweka upande mmoja, moja juu ya nyingine, mpaka sanduku likaisha.

"Kura zilizopigwa," alisema, "mia moja themanini na saba. Zilizoharibika…" Alizihesabu upya. "Mia moja themanini na saba."

Ukumbi mzima ukageuka, taratibu, kumtazama Mwanasheria Adetona.