Haragwe la Ruguru

Natangaza rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba likizo hii nimeteuliwa Msaidizi Mkuu wa Elimu ya Chekechea hapa Siakago. Maana yake ni kwamba mwalimu ni mama yangu, nami napanguza makamasi.

Kila mtoto alikuwa amepanda kwenye mkebe wake haragwe nililomgawia mimi. Kufikia siku ya sita yote yalikuwa yameota, isipokuwa la Ruguru, mwenye miaka mitano.

Asubuhi hiyo Ruguru alilimiminia nusu ya uji wake. "Kunywa upate nguvu," akaliambia.

Wenzake walicheka. Mama hakumkataza. "Unafikiri lina shida gani?" alimuuliza.

"Ngoja niangalie, ticha."

Alifukua kwa kidole, akalipangusa kwa sweta, akalinusa. Alipolibonyeza kidogo, likapondeka.

"Ticha, hii ilipikwa. Ni ya githeri."

Ruguru alitazama ule uji uliokuwa ukizama udongoni.

"Nani alipika mtoto wangu?"

Mama aligeuka akanitazama mimi, na watoto ishirini wakafuata macho yake.

"Ni mimi, Ruguru," nikasema. "Nilichanganya, nikakupa la mabaki ya githeri yangu. Lako niliwatupia kuku."