Fremu ya Mlango wa Mwanahawa

Tangu fremu za milango zianze kupiga picha za ndani ya mwili, Bi Sikudhani alikuwa mtu wa barazani. Mashine za zamani za hospitali zilizunguka na kunguruma, angalau ukapata muda wa kuogopa. Hizi hazizunguki, hazitoi hata mlio. Unapita tu, na waliomo ndani wanakusoma ukutani kama tangazo. Kwa hiyo kila alikokwenda alisema, "Hapa nje panatosha, nina haraka," huku akikandamiza ubavu kwa kitenge.

Lakini sasa binti yake Mwanahawa amejifungua, na mtoto mchanga hatolewi nje. Mjukuu alikuwa akilia humo ndani. Mshenzi gani alibuni kitu hiki? Bi Sikudhani alijiwekea tabasamu usoni.

"Hodi wenyewe! Hamjambo humu?"

Akavuka kizingiti. Vijiko vikaacha kugonga vikombe.

"Pole, mama," alisema Mwanahawa, pale ambapo angesema karibu.

"Mzima kabisa," akajibu Bi Sikudhani, akanyoosha mikono apewe mjukuu.

Mwanahawa bado alikuwa akiutazama ukuta.