Kona za Bahasha

"Acha uongo, mzee. Huu ni mwandiko wa baba yangu."

"Miandiko inafanana, binti."

Nyamizi akafunua ukurasa mwingine wa albamu. Kadogosa, karani mstaafu wa posta, alikuwa amekata kila stempu pamoja na kona ya bahasha. Jina la mama yake Nyamizi lilibaki nusu, na muhuri wa kupokelea barua wa posta ya hapa mjini ulisomeka vizuri.

"Mama amekufa akiamini baba alimtelekeza."

"Stempu zilikuwa nzuri mno, nikashindwa kuziachia. Ila hiyo albamu iache, kesho watu wa makumbusho wanaifuata."

Nyamizi akaibana kwapani.

"Uwe unakuja kwangu kila Ijumaa kuiulizia, kama mama alivyokuja dirishani kwako miaka tisa kuulizia barua. Nitakwambia bado haijafika."

Mzee akanyoosha mkono. Nyamizi akamgeuzia mgongo, akashika njia.