Stika za Bafuni

Alimkuta mumewe bafuni akilipima gauni lake. Lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, na yeye ameshika futi ya kupimia wateja, ameibana kwenye kiwiko cha mkono wa gauni, anaishusha taratibu mpaka kwenye pindo.

"Unatafuta nini humo?"

"Hakuna." Akaikunja futi haraka. "Naangalia tu urefu."

"Miaka yote nashona humu ndani, leo ndiyo umeamua kujifunza ufundi?"

Mumewe akacheka kicheko kifupi, cha mtu aliyekamatwa.

Yeye hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, na aliwajua wanaume wanaopima magauni kwa siri. Walikuja kwake na vipimo kwenye kikaratasi, wakagoma kusema ni vya nani.

Mambo yalianza siku walipokwenda hospitali kuchukua dawa ya macho ya mke, ile ya matone. Walipofika getini wakitoka, mumewe akasema amesahau kofia, akarudi ndani kwa yule nesi aliyewapa dawa, mwenye sauti nyororo. Alikaa huko mpaka mkewe miguu ikamuuma kwa kusimama. Kofia alikuwa ameivaa kichwani.

Jumamosi iliyofuata akaja na bunda la stika za kubandika juu ya vigae.

Hapo ndipo shaka ilipopata pa kukaa. Tangu wapange nyumba ile, mke alikuwa analalamikia vigae vya bafu, kahawia iliyokolea kama chai iliyosahaulika jikoni. Na siku zote mumewe alikuwa na jibu lile lile: "Nyumba si yetu. Kuoga ni maji, si ukuta." Sasa, bila kuombwa na mtu, amepiga magoti anabandika.

"Ni za muda tu," alisema, "wala hazina gharama. Zikituchosha tunazibandua, mwenye nyumba hana la kusema."

Tena hazikuwa zile alizozitamani, nyeupe, laini, zenye maua ya bluu. Hizi zilikuwa na mikwaruzo kama msasa. Wala hakuzijaza ukuta mzima. Aliweka mstari mmoja, kuanzia mlangoni, ukazunguka hadi bombani, chini kiasi kwamba yeye mwenyewe, mrefu kama nguzo ya umeme, ilibidi ainame. Karibu na kona akabandika moja laini, peke yake.

"Hii ni rangi gani?" mke akauliza.

"Njano."

"Hii ndiyo njano?"

"Ni taa," mumewe akasema upesi. "Inaibadilisha."

"Basi nunua balbu ya maana. Bafu lenyewe halina dirisha, tunaoga kama popo."

Kesho yake akanunua balbu kubwa. Nayo ilikuwa ovyo.

Akampigia dada yake, simu ameibana begani huku akihangaika kupitisha uzi kwenye sindano. Uzi wa siku hizi nao ulikuwa ovyo.

"Mdogo wangu," dada akasema, "mwanaume akianza kupamba bafu, ujue kuna mtu anataka aje kuoga."

"Usinichekeshe, dada."

"Nani anakuchekesha? Chumba kipo huku. Beba cherehani yako uje."

Alisema atafikiri. Jioni ile ile hakuhitaji tena kufikiri. Alimsikia mumewe uani, anaongea na simu kwa sauti ya chini: "Hajui, nesi. Nitamwambia mwenyewe. Acha kwanza nimalize bafu."

Asubuhi alisubiri mumewe aende kazini. Akaifunga cherehani kwenye shuka, akaisogeza mlangoni. Halafu akaingia bafuni, akachomeka ukucha chini ya stika moja na kuibandua, aone kinachofichwa. Nyuma yake kulikuwa na kigae kile kile cha kahawia, hata ufa hakina. Akaibandika tena kwa kiganja, moyo ukimuuma zaidi kuliko kama angekuta kitu.

Akatoka kwenda kutafuta mtu wa mkokoteni.

Aliporudi, viatu vya mumewe vilikuwa mlangoni, karibu na cherehani. Mwanaume huyu hakuwahi kurudi nyumbani saa za kazi. Akamwambia wa mkokoteni asubiri nje. Akaingia kwa kunyata, akasimama katikati ya sebule.

Sauti ya nesi ilikuwa inatoka bafuni kwake.

"Polepole, baba," ilikuwa inasema. "Usikimbilie."

Akausukuma mlango.

Mumewe alikuwa peke yake, simu ameilaza kwenye ukingo wa sinki. Alikuwa amejifunga macho kwa kipande cha kitambaa, mabaki ya kushonea. Amekunja magoti mpaka amekuwa mfupi kama mkewe, kiwiko kimegusa ukuta, anafuata mikwaruzo ya stika hatua kwa hatua. Alipofika kwenye ile laini akageuka kushoto, akanyoosha mkono, na bomba likamwaga maji.

"Nimefika, nesi," akasema, anahema. "Hata sabuni sijaiangusha. Ataweza."

"Basi mwambie leo, baba. Asije akajigundulia mwenyewe."

Pale mlangoni mkewe alipapasa ukuta, akabonyeza swichi ya taa ili amwone vizuri uso.

Bafu likaingia giza. Taa ilikuwa inawaka muda wote.