Kabati la Jirani

Bi Shamsa alikaa safu ya mbele, kando ya mwanawe Nassoro, aliyetengeneza filamu iliyokuwa ikionyeshwa, kuhusu utoto wake na ndugu zake wakati wa vita. Ukumbi ulijaa watu wa mjini. Nassoro alikuwa akimtazama mama yake zaidi kuliko filamu yenyewe.

Kwenye skrini, mama kijana alikuwa amejibanza na wanawe chini ya kitanda. Mzinga ukalia, vyombo vikatikisika kabatini.

"Ni jirani huyo," akawaambia. "Anahamisha kabati lake."

Watoto wakacheka. Mzinga mwingine ukalia.

"Sasa limemwangukia mguuni," akasema, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Bi Shamsa akamwinamia mwanawe. "Kumbe unakumbuka. Mlikuwa wadogo, mkiamini kila nililowaambia."

Nassoro akatikisa kichwa. "Hatukuamini, mama. Dada alitwambia ni mizinga. Alisema tukicheka, wewe hutetemeki."

Bi Shamsa akageuza uso kwenye skrini. Miaka yote hiyo alijisifu moyoni kwamba aliwaficha wanawe vita. Nassoro akajuta kusema. Mara akahisi bega la mama yake likitikisika, akadhani analia. Alipogeuka akamwona amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, anacheka huku machozi yakimtoka.

"Wajanja nyinyi," akanong'ona, akamshika mkono.

Kwenye skrini, mama kijana alikuwa ametega sikio akisubiri mshindo mwingine, na watoto wamemkazia macho, tayari kucheka.