Mtama wa Ghala la Wote

Walikuwako wanyama wenye ghala moja. Kila mavuno walitia humo mtama wa kuwalea uzeeni, na Kuchakulo, aliyejisifu kwa unyoofu, ndiye aliyewakopesha mafundi mtama huo, warudishe na ziada.

Mwaka mmoja aliwaita wote. "Ghala limefurika! Nungunungu peke yake karudisha maradufu. Nani ananilaumu?"

Wakati wanashangilia, Kanga akaja akichechemea, akambwagia Kuchakulo kitanzi miguuni.

"Hiki kimemuua mwanangu. Kakisuka nani?"

"Nungunungu. Huwauzia wawindaji."

"Alipokuwa akisuka alikula nini?"

Kuchakulo akatazama chini. "Mtama wa ghala."

"Basi na wangu umo. Nimemlisha aliyemtegea mwanangu! Ulijua anasuka nini, bwana mnyoofu?"

"Mimi sikutega!" alifoka. Kisha akainama, akakiokota kile kitanzi.

"Nilijua, mama," akasema mwishowe. "Sikutaka tu kuuliza atanaswa nani, maana vikapu vilikuwa vinarudi vimejaa."

Tangu hapo msuka vitanzi hapewi hata punje. Na Kuchakulo akimwona Kanga anakuja, humpisha njia, na kujisifu kote kumemwisha.